Multimita yangu na swichi ya waipa: mlio usikudanganye

Waipa zangu zilikuwa zinajua mwendo mmoja tu: mbio. Ukiweka polepole zinagoma, na ukivuta mkono wa swichi urushe maji, kioo kinabaki kikavu. Fundi akasema mota imekwisha. Kweli, brashi (kipande cha kaboni kinachoingiza umeme ndani ya mota) ya mwendo mmoja huweza kulika nyingine ikabaki nzima, lakini nilitaka kuona kwa macho kabla ya kutoa hela. Nikanunua multimita (kipima umeme) ya kidijitali, ya daraja la chini kabisa.

Fyuzi sikuihangaikia, maana kwenye gari langu miendo yote miwili inatumia fyuzi moja. Nikachomoa plagi ya mota, nikapima waya wa polepole: volti 12.3. Umeme upo! Nikakaribia kumpigia fundi nimwambie alete mota. Bahati nzuri nikarudisha plagi na kupima tena kwa nyuma yake, mota ikiwa imeunganishwa. Haikufika hata volti 1. Ncha za mita hii ni nene mno kuingia nyuma ya plagi, ikabidi nitumie pini ya kushonea.

Basi nikaifuata swichi. Nilitoa waya hasi wa betri, nikasubiri dakika kadhaa kwa sababu ya mfuko wa hewa wa usukani, ndipo nikaifungua. Nikaweka mita kwenye alama ya mlio (hulia umeme ukipata njia), mkono wa swichi kwenye polepole: piiii. Yaani nzima? Nikahamia kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme. Ikasoma 18, ukitikisa mkono kidogo, 40, mara OL (njia imekatika). Upande wa kasi ilisoma 0.4, na hapo 0.3 ni za nyaya za mita yenyewe (gusanisha ncha zake uone).

Mlio ule hulia hata kwenye omu kadhaa, wala haujali. Mota ya waipa inajali. Kwa volti 12, omu 18 haziruhusu hata ampea 1 kupita, na mota inahitaji ampea kadhaa. Bila mzigo, yaani mota ikiwa imechomolewa, volti zinaonekana zote; ukiweka mzigo zinaishia kwenye swichi. Nilipoifungua swichi yenyewe, kiguso cha polepole kilikuwa cheusi kama kitako cha sufuria. Swichi mpya imemaliza kazi, mota ni ile ile.

Kwa vipimo sina lawama. Ila kioo cha mita hakina taa, na chini ya dashibodi nilikuwa nimeng'ata simu kama mbwa na mfupa ili nisome namba.

Na maji? Swichi mpya, kioo bado kikavu. Plagi ya pampu ilisoma volti 12, pampu inanguruma vizuri. Mita haikuwa na la kuniambia zaidi. Tundu la kurushia maji lilikuwa limeziba kwa nta ya kung'arishia gari, na kilichokuja kulizibua ni ile ile pini ya kushonea.