Santuri ya Creedence iliyoandikwa London: nyota moja, au pengine nne

Nianze na muuzaji, maana yeye ndiye aliyenikasirisha kuliko santuri yenyewe. Nilirudi dukani na mzigo wangu mkononi, santuri imo ndani ya jalada lake, risiti juu, nikamwambia kwa adabu zote kwamba nimeuziwa sicho: imeandikwa onyesho la London, na London siyo. Hakuigusa. Akanitazama toka viatu mpaka kofia, akasema, "Kila anayeijua hii bendi anajua kwamba hiyo si London." Nikanyamaza. Akaongeza, "Ulikuwa unamnunulia mtu?"

Unamnunulia mtu! Yaani mtu wa sura yangu na lafudhi yangu hawezi kuwasikiliza Creedence Clearwater Revival, bendi ya roki ya hapa Marekani, kwa ajili ya nafsi yake, lazima ametumwa.

Duka silitaji jina. Liko huku California, upande wa mashariki wa ghuba ya San Francisco, linauza santuri za mitumba, na nimeshaacha pesa nyingi pale. Hii niliikuta kwenye kreti miezi michache iliyopita. Jalada linasema kwa herufi kubwa kwamba ni onyesho la Royal Albert Hall, ule ukumbi wa London, na juu ya nailoni duka limebandika kikaratasi chao wenyewe cha wino mwekundu: London 1970. Bei ilikuwa mara mbili ya zile za pembeni yake. Nililipa bila kuomba kupunguziwa, na mimi si mtu wa kutoomba kupunguziwa.

Niliitaka London kwa sababu zangu. Creedence walipiga pale Aprili 1970, mwezi uleule Paul McCartney alipotangaza kuachana na Beatles. Wana wanne wa El Cerrito, kamji ambako kutoka kwangu Richmond unafika kwa miguu, wanasimama London wakati wenye mji wanasambaratika! Na mapema mwaka uliofuata Tom Fogerty, mpiga gitaa lao la ridhimu, akajitoa, wakabaki watatu. Kwa hiyo nilitaka kusikia wakati ule hasa, wote wanne wakiwa kileleni, ugenini.

Nikaicheza jioni moja, dirisha wazi. Jirani yangu, mzee wa hapa hapa, akaja hadi mlangoni akasikiliza kidogo, akacheka. "Hiyo si London. Hiyo ni ukumbi wa Coliseum, Oakland. Nilikuwemo." Sikumwamini. Nikaenda kutafuta, na mzee amesema kweli tupu. Rekodi ni ya Januari 1970, Oakland. Kampuni yao ya santuri, Fantasy, ilipoitoa mwaka 1980 ilichanganya kanda, ikachapa majalada ya London, na ilipogundua ikabadilisha jina, albamu ikaitwa The Concert. Yangu ni ya yale majalada ya mwanzo. Oakland! Naendesha dakika ishirini tu kufika. Nimelipia nauli ya London kuletewa Oakland.

Kosa la kampuni la miaka hiyo naweza kulimeza. Ninaloshindwa kumeza ni duka kujua ukweli, kuandika London kwa mkono wao wenyewe, kupandisha bei, kisha kuniambia mimi ndiye nisiyeijua bendi.

Nisiijue? Niliyekwenda kusimama nje ya ile shule ya Portola ambako John Fogerty, Stu Cook na Doug Clifford walikutana wakiwa watoto? Wakaanza kama The Blue Velvets, Tom kaka yake John akaungana nao, wakasaini na kampuni ya Fantasy. Mwaka 1964 kampuni ikawabandika jina la The Golliwogs. Asiyejua golliwog ni nini ajue: ni mwanasesere wa kumfanyia kejeli mtu mweusi. Wenyewe hawakulitaka jina hilo, wakalibeba miaka mitatu minne mpaka wakaja kuitwa Creedence. Mimi nikiwa mweusi nikaisoma habari hiyo, ikaniuma, na bado nikaendelea kuwapenda. Sasa wewe wa kaunta, nani anawajua?

Tena nimjibu yote maana pale dukani ulimi ulikauka. Mwaka 1969 peke yake walitoa albamu tatu, Bayou Country, Green River na Willy and the Poor Boys. Bendi za siku hizi hukaa miaka minne kwenye moja. Nyimbo zao tano zilifika nafasi ya pili kwenye chati kuu ya Marekani, na hakuna hata moja iliyowahi kufika ya kwanza. Watu waliwadhania ni wa Louisiana, kusini mwa Marekani, kwa jinsi John alivyoimba vinamasi na mto Mississippi, kumbe ni wana wa California watupu.

Na walivyoumizwa! John alikuwa anatunga, anaimba, anapiga solo, anasimamia studio, anaendesha mpaka hesabu, na wenzake wakachoka kutosikilizwa. Kwenye albamu ya mwisho, Mardi Gras ya 1972, akawaambia haya, nanyi tungeni, nanyi imbeni, na bendi ikafa mwaka huohuo. Siwezi kumtetea kwa hilo. Lakini akiba yao ikapotelea kwenye benki moja ya Bahamas, na ili John atoke kwenye mkataba wa Fantasy aliacha mrabaha wake. Miaka mingi akagoma kuimba nyimbo zake mwenyewe. Kisha Fantasy wakamshtaki kwamba wimbo wake mpya wa miaka ya themanini ameuiba kutoka kwenye wimbo wake wa zamani, kwa kuwa ule wa zamani ulikuwa mali ya kampuni. Alikwenda mahakamani na gitaa, akalipiga mbele ya baraza la wazee wa mahakama kuonyesha mtindo wake ni huo tu, na akashinda. Suala la gharama za mawakili likapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1994. Haki za utunzi amekuja kuzipata kwa sehemu kubwa mwaka 2023, mzee wa zaidi ya miaka sabini.

Tom hakuyaona hayo. Alifariki 1990. Alikuwa ameambukizwa virusi vya UKIMWI kwa kuongezewa damu, na yeye na mdogo wake hawakuwa wamepatana. Nikifika hapo hasira ya santuri huwa inanitoka yote, nakuwa na huzuni nyingine.

Maana nirudi kwenye santuri. Baada ya ile safari ya dukani niliiweka kabatini wiki nzima sitaki kuiona. Juzi nikaitoa. Nikazima taa, nikaweka sindano, na safari hii sikusikiliza London wala sikusikiliza muuzaji, nilifuata gitaa la ridhimu la Tom peke yake. Jamani. Yule mtu hapigi kitu chochote cha kukushangaza, anakata tu, palepale, wimbo baada ya wimbo, na drams za Doug zimemkalia mgongoni. Ukimtoa yeye, solo za John hazina pa kukanyaga. Nyimbo kumi na nne na hawapotezi hata dakika moja. Halafu umati ule ni watu wa kwao. Wanawapigia kelele watoto wao wa jirani waliorudi wakubwa, na mzee wa mlango wa pili yumo humo ndani mahali fulani anapiga makofi.

Kwa hiyo nilisema nyota moja. Kwa muziki natoa nne, na kama mikwaruzo ya upande wa pili isingekuwapo ningetoa tano. Anayetaka London ya kweli anunue ile iliyotolewa 2022, hiyo ndiyo Royal Albert Hall yenyewe, na mimi nimeshaiagiza kwingine. Lakini hii ya Oakland siirudishi tena, hata wakiniita. Duka nalipatia sifuri. Mtu hawezi kukuuzia uongo halafu akakucheka kwa kuuamini.

Jumamosi nilipita tena pale, sikwenda kununua. Kwenye kreti ileile kuna nakala nyingine ya jalada lilelile, na kikaratasi chenye wino mwekundu, London 1970. Nilikibandua kwa ukucha taratibu nisichane nailoni, nikakiweka juu ya kaunta mbele yake, nikatoka.