Wodi ya watoto njiti niliyojifungulia, naipa nyota 4 kati ya 5

Nimejifungua mimba ina wiki 31, mtoto kakaa matako chini, nimeona niandike maana siku ile mwenyewe nilikuwa natafuta mtu aliyepitia haya simpati.

Nilifika pale nalia nataka operesheni saa hiyo hiyo, nilivyokuwa najua mimi mtoto akitanguliza matako ni kisu tu hamna mjadala. Daktari wa zamu akakaa kitandani kwangu akashika bangili yangu akaivuta taratibu, kwenye mkono inateleza vizuri, ikafika kwenye kiganja ikakwama. Akaniambia mama, njiti mwili wake mwembamba kichwa ndo kikubwa, kwa hiyo mwili unaweza kupenya kabla mlango wa kizazi haujafunguka wote halafu kichwa kikabaki, hiyo ndo hofu ya njia ya kawaida. Ila akasema na kisu nacho kina yake, mimba ikiwa changa sehemu ya chini ya kizazi bado nene haijatanuka, wakati mwingine inabidi wachane wima na kovu la hivyo ni hatari mimba zinazofuata, na kichwa kinaweza kubanwa hata hapo kwenye mchano. Nikamtajia utafiti mmoja mkubwa wa mwaka 2000 kuhusu watoto waliokaa matako chini, uliofanya watu wengi wapelekwe upasuaji, kasema ule ulikuwa wa mimba zilizotimia, njiti hawakuwemo. Kwa hiyo wao wanaangalia wiki, uzito, kimetangulia nini na uchungu umefika wapi. Wangu alikaa matako chini ila mguu ndo ulitangulia, nikasaini upasuaji naelewa ninachosaini.

Na wakati tunaongea yote hayo sindano ya kukomaza mapafu ilishachomwa, yaani hata shuka sijapewa! Wakaniwekea na dawa ya kuchelewesha uchungu ili dozi zitimie, halafu dripu ya magnesiamu ya kulinda ubongo wa mtoto. Hapa ndo nawapa nyota zote, maana kisu au njia ya kawaida, mapafu machanga ni machanga tu.

Katoka na gramu 1,480, wakamtia kwenye mfuko wa nailoni mpaka shingoni na kofia juu asipoteze joto, hata hawakumfuta kwanza. Apgar, yaani alama za hali ya mtoto akishazaliwa, kati ya 10, dakika ya kwanza 5, ya tano 8. Siku nne za mashine ya kusukuma hewa puani, kila nikiingia namwangalia kifua kinavyobonyea chini ya mbavu, siku kilipoacha kubonyea nesi kaniita yeye mwenyewe, dada njoo uone. Baada ya hapo kangaruu, yaani namlaza kifuani ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, maziwa nakamua anapewa kwa mrija.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya nyonga. Mtoto aliyekaa matako chini tumboni ana hatari zaidi ya nyonga kutokaa vizuri kwenye tundu lake hata kama katolewa kwa kisu, na anatakiwa achunguzwe, mara nyingi na ultrasaundi akiwa na wiki 6 hivi. Kwenye karatasi ya kuruhusiwa hamna hata neno, nimekuja kuulizwa kliniki ya chanjo, hivi huyu si alitanguliza miguu, nyonga zimepigwa picha? Nikabaki namtazama. Zimepigwa, ziko salama nashukuru Mungu, lakini wodi inayojua kueleza vile ilishindwaje kuandika mstari mmoja? Ukilazwa pale waulize nyonga kabla hujafunga mizigo.