Jioni ya wabunifu wa teknolojia Tanga: nenda, ila beba adapta yako

Kiingilio ni bure na ukumbi uko Raskazone, upepo wa bahari unaingia hadi ndani. Tangazo linasema saa 11 jioni, lakini onyesho la kwanza huanza baada ya Magharibi. Wahi hivyo hivyo: saa hiyo ya kusalimiana na kupeana namba ndiyo yenye faida kuliko yote.

Kila timu ina dakika 5 jukwaani kuonyesha ubunifu wake. Kinachowaangusha wengi si wazo, ni waya. Projekta inapokea waya wa HDMI tu, na baadhi ya laptopu mpya zina tundu la USB-C peke yake. Asiye na adapta huishia kuinua simu juu, watu wa nyuma wakikodoa macho. Waifai nayo hulegea ukumbi ukijaa, maana vifaa vingi vinagombania masafa yale yale ya 2.4 GHz. Dawa ni kurekodi onyesho zima kwa video ya dakika 2 na kuihifadhi kwenye laptopu yenyewe, si mtandaoni. Wenye huduma za USSD, zile menyu za kupiga nyota na reli, hawana presha: kiswaswadu kinatosha, bando halihitajiki.

Maswali ya majaji ni makali, na ni haki yao. Umesajili biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara? Taarifa za wateja unazitunzaje? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022, lakini bado kuna wanaobabaika hapo.

Spika ya kushoto inakoroma, kwa hiyo kaa kulia. Sambusa huisha mapema.