Kupunguza Mwendo au Kujaza Upepo Matairi?

Kwa dereva anayetoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, kushuka kutoka kilomita 100 hadi 80 kwa saa huokoa mafuta mengi kuliko kujaza upepo matairi yaliyopungua kidogo, kwa sababu ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo katika 100 huzidi ule wa 80 kwa takriban asilimia 56. Upepo, ambao kiwango chake hubandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva na hupimwa tairi likiwa baridi, huokoa kidogo tu. Katika foleni za mjini, hata hivyo, ambako hakuna mwendo wa kupunguza, ningeanza na matairi, kwani tairi legevu hulika kashata (meno ya tairi) za pembeni upesi, nalo ni ghali.