Ukitoka umetoka: uzoefu wangu kwenye ukumbi wa maonyesho wa jiji

Naandika hasira zikiwa bado hazijapoa, na sina mpango wa kuzisubiri. Ukubwa wa ukumbi, idadi ya viti, maegesho, ramani ya milango, vyote viko kwenye tovuti yao, kasome huko. Mimi nina jambo moja tu, la kile alichofanyiwa shangazi yangu kwenye geti la ndani, na nitalisema mpaka liishe.

Ilikuwa siku za maonyesho ya vitabu. Shangazi ni mwalimu mstaafu, miguu inamsumbua, anatembelea mkongojo. Hakwenda kuzurura kwenye mabanda. Alikwenda kwa sababu binti aliyemfundisha kusoma na kuandika, sasa mtu mzima, alikuwa anasoma kutoka kwenye kitabu chake cha kwanza kwenye lile jukwaa dogo la kona, kisha asaini nakala. Shangazi alikuwa ameshanunua nakala yake, ameikumbatia ndani ya mfuko wa kitambaa. Tulifika mapema kusudi tupate viti vya mbele, na tulivipata.

Akataka kwenda msalani. Vyoo vya upande wetu vilikuwa vimezungushiwa utepe, na karatasi imebandikwa mlangoni: matengenezo, samahani kwa usumbufu. Mhudumu mwenye kizibao cha rangi ya chungwa akatuelekeza kwa adabu kabisa: piteni mlango ule mkubwa, vyoo vingine viko huko mbele kwenye mapokezi. Nikamuuliza, tutaruhusiwa kurudi? Akasema ndiyo, onyesheni tiketi tu. Nayakumbuka maneno yake vizuri kwa sababu niliuliza makusudi.

Tukaenda, tukarudi. Kijana wa getini akaelekeza kimashine chake kwenye tiketi ya shangazi. Kikalia mara mbili, kioo kikawa chekundu: imeshatumika. Bila hata kuinua macho akasema, "Ukitoka umetoka."

Shangazi akamwambia taratibu, "Mwanangu, choo cha ndani kimefungwa. Mwenzako ndiye aliyenielekeza huku."

"Mama, mimi sihusiki na vyoo. Ukitoka umetoka. Kakate tiketi nyingine."

Shangazi akanyoosha mkono kumwonyesha ile bangili ya karatasi tuliyofungwa asubuhi, ile ambayo huwezi kuivua bila kuichana. Bado ilikuwa mkononi, nzima, imebana. Yule kijana akavuta mkanda wa kuzuia foleni, ukapita mbele ya kifua cha shangazi, akamwambia, "Sogea pembeni, unazuia watu." Hapo ndipo nilipopandisha sauti. Mtu wa makamo yale, na mkongojo, anasogezwa kwa mkanda kama kiti!

Ukumbi wenyewe umegawanywa kwa kuta za kukunja, zile zinazosukumwa kwenye reli za juu. Hazizuii sauti. Kwa hiyo tukiwa tumesimama pale tulisikia kila kitu: mshereheshaji akimkaribisha binti, makofi, kisha sauti yake akisoma. Shangazi alikuwa anaitambua sauti ya mwanafunzi wake hatua chache kutoka alipo, na hawezi kwenda. Msimamizi alikuja baada ya muda mrefu, akatazama tiketi, akatazama bangili, akasema, "Waache wapite." Maneno mawili tu, na hakuna aliyesema pole. Tulipofika jukwaani wanakusanya viti. Binti alikuwa ameshaondoka.

Sasa nieleze kwa nini naona hili si kosa la kijana mmoja mwenye mdomo mbaya, ingawa mdomo wake ni mbaya kweli.

Siku iliyofuata nilipiga simu ofisi ya ukumbi. Wakasema, sisi tunakodisha nafasi tu, masharti ya kuingia ni ya mwandaaji. Nikampata mwandaaji. Akasema, sisi tulikodi ukumbi, vyoo ni vya ukumbi, na walinzi wanatoka kampuni ya ulinzi. Kampuni ya ulinzi wakasema, sisi tunafuata maagizo ya mteja. Mteja ni nani? Mwandaaji. Nimezungushwa mpaka nikarudi nilikoanzia. Na ndivyo kumbi hizi zinavyofanya kazi kila mahali. Mwenye ukumbi hutoa sakafu ya zege, paa, umeme unaopita kwenye mifereji ya chini, na malango mapana ya kupitisha malori. Mwandaaji anapokea kisanduku kitupu, anaingiza mafundi wa mabanda, anatandika zulia, anaweka tiketi zake. Tukio likiisha, usiku huohuo vinang'olewa vyote na mwingine anaingia. Kila mkono una mkataba wake, na ndani ya mikataba yote hiyo hamna sehemu inayosema huyu mama aliyetoka kwenda chooni ni wa nani.

Najua sababu ya sharti lenyewe. Lazima wajue watu wangapi wamo ndani, ukitokea moto isigeuke maafa. Na wapo watu wanaotoka na kumpa mwenzao tiketi. Sawa. Lakini dawa ipo na si ngeni: kimashine kilekile kinaweza kusoma tiketi mtu akitoka na kuisoma tena akirudi. Hata muhuri wa wino mkononi ungetosha. Na kama huwezi kufanya hata hilo, basi usifunge vyoo vilivyo ndani ya geti halafu umtume mzee nje ya geti.

Linaloniuma zaidi ni kwamba jambo hili lilishafikiriwa zamani sana. Maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851, ndani ya lile jengo la vioo la Hyde Park, yalipokea wageni kama milioni 6 kati ya Mei na Oktoba. Fundi bomba George Jennings aliweka humo vyoo vya umma vya kuvuta maji, na watu zaidi ya 827,000 walilipa peni moja moja kuvitumia. Walikuwa wameshaelewa kwamba ukimwalika mtu kushinda kutwa akitazama mashine, atahitaji choo. Leo tuna tiketi za kwenye simu, na choo kimefungwa kwa utepe.

Nikiri kitu, maana sitaki ionekane naandika kwa chuki. Ukumbi huu naupenda. Hakuna mahali pengine jijini panaponishangaza hivi. Nimeingia humo kuona magari mapya yanazunguka kwenye majukwaa yanayometa, na nikaingia tena baada ya muda si mrefu, sakafu ileile imejaa madawati na watu wameinamia karatasi za mtihani. Nimeona mashua nzima imeegeshwa ndani ya nyumba. Nimesimama kwenye mahafali nikipiga vigelegele. Kuna juma moja maonyesho ya harusi yalikuwa upande mmoja wa ukuta wa kukunja na mashindano ya judo upande wa pili, unasikia kishindo cha mtu anabwagwa huku unachagua vitambaa. Mahali gani pengine utapata hayo?

Na kumbi za namna hii ndivyo zilivyo. Lile jengo la vioo lililojengwa kwa ajili ya mashine lilihamishiwa Sydenham, na mwaka 1871 likapokea maonyesho ya paka. Kumbi za Frankfurt zinazojaa vitabu kila Oktoba ndizo zilizokuwa zinapokea maonyesho makubwa ya magari ya IAA hadi 2019. ExCeL ya London ilikuwa uwanja wa ndondi, judo na kunyanyua vyuma kwenye Olimpiki ya 2012. Aprili 2020 ikageuzwa hospitali ya wagonjwa wa korona. Javits Center ya New York nayo ikapangwa vitanda mwaka huohuo, na Madrid ilifanya vivyo hivyo kwenye kumbi zake za IFEMA. Mahali palipozoea mabanda ya wachuuzi pakapokea watu wasioweza kupumua. Nikifikiria hilo nawaheshimu sana wanaoendesha kazi hii: mafundi wa umeme, wabeba mizigo, wanaofagia saa nane za usiku ili asubuhi ukute zulia jipya. Hata yule mhudumu wa kizibao cha chungwa hana kosa, alitusaidia kwa moyo mweupe.

Kwa hiyo nilikuwa nimeandika nyota tatu. Moja ya matukio yenyewe, moja ya mafundi, moja ya yule mhudumu.

Lakini ngoja. Ukumbi unaoweza kuvua magari na kuvaa vitabu kwa siku chache unashindwaje kupeleka ujumbe kutoka kwa mhudumu mmoja hadi kwa mlinzi aliye mita chache mbele yake? Vyoo vilikuwa vimefungwa tangu asubuhi. Kila mtu aliyelipa tiketi siku ile angetaka msalani wakati fulani. Nilipokuwa nabishana pale niliona baba mmoja na mtoto wake mdogo wamekwama vilevile, na akina dada wawili nyuma yao, na kila mmoja aliambiwa maneno yaleyale mawili ya "ukitoka umetoka" na nyongeza ya kwenda dirishani. Dirisha la tiketi lilikuwa wazi na lina foleni. Sisemi walikusudia kuwauzia watu mara mbili. Nasema fedha zilipokelewa, na hakuna aliyerudishiwa, na nimeomba maelezo kwa maandishi nikajibiwa kwamba maoni yangu yamepokelewa.

Nyota moja, basi. Zile mbili nimezifuta.

Kwa anayekwenda kesho: ukifika, kabla hujatafuta kiti, angalia kama vyoo vya ndani ya geti lako vinafanya kazi. Ukiambiwa utoke, mwombe anayekutuma akufikishe yeye mwenyewe kwa mlinzi na aseme neno mbele yako. Bangili usiitegemee, haina kazi yoyote. Na kama umekwenda na mtu mzima kumsikiliza mtu fulani saa fulani, mmoja wenu abaki ndani ashike viti na simu yake iwe imewashwa.

Na wewe msimamizi uliyesema "waache wapite", najua unasoma maoni haya kwa sababu mliniomba niyaandike. Kitabu cha shangazi bado hakijasainiwa. Mwandaaji ana namba ya yule mwandishi. Anza na hapo, halafu nipigie, na hizi nyota tutazizungumza.