TAHADHARI: Kuna mwizi Kampala anauza mashine za kufuma soksi

Jamani, wote mnaofuma, mlio Kampala, Jinja, Mbale na sisi wa Busia, kuna mtu anauza mashine za soksi, zile za mviringo za kuzungusha kwa mkono. Ni MWIZI. Amekula shilingi 1,800,000 za kikundi chetu. Wenzangu mnajua pesa ile ilivyokusanywa, na mnajua ile oda ya soksi za shule ya muhula wa Februari, sina haja ya kurudia.

Nasikia kuna wanaosema mbona hakuangalia. Niliangalia! Mashine ilikuwa imebanwa kwenye ukingo wa meza, silinda inang'aa mafuta, sindano zimejipanga duara, kila moja na kiulimi chake kinafunguka na kufunga. Akanipa hendeli nishike mwenyewe. Nikazungusha, uzi wa kijivu ukatoka kwenye koni ukaingia kwenye ndoana, chini lile jiwe la kuvutia linaning'inia, na soksi inateremka bila kuacha hata kitanzi kimoja. Nilifuma mpaka ikafika urefu wa mkono, nikaivuta kwa vidole, ikanyumbuka ikarudi. Ungekuwa wewe ungesema nini?

Tena alikuwa na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya kijiji au mtaa, imepigwa muhuri. Adhuhuri ilipoadhiniwa akasema, "Mama, niruhusu nikaswali," akaniacha dukani peke yangu na mali yake. Mwizi gani anakuachia duka? Na kazi anaijua. Alinieleza kwamba silinda zina sindano 54, 60, 72, mpaka 84, na kwamba zikiwa nyingi soksi inatoka laini zaidi. Akasema mashine za namna hii ndizo zilizofuma soksi za askari wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Hayo nimeyahakikisha, ni kweli. Halafu akafungua daftari lenye majina ya vikundi, akaniambia, "Wewe fuma tu, kila jozi nitainunua kwa 3,000, hata ukileta gunia." Kwa mtu aliye na kikundi nyuma yake kinachosubiri, maneno hayo yanaingia.

Nikatuma pesa kwa simu. Hapo hapo akaifungua mashine mezani akaingia nayo chumba cha nyuma, eti autoe uzi na aipake mafuta isishike kutu njiani. Akaniletea soda. Nilikuwa nasikia spana inagonga chuma huko ndani, nikajua anafunga vizuri. Akatoka na boksi limezungushwa gundi ya karatasi kila upande, pa kupitisha ukucha hapana. "Mama, usilifungue kwenye basi, sindano zitamwagika." Akaniitia boda mpaka paki ya mabasi na nauli akalipa yeye. Mpaka nauli alilipa, shetani yule!

Kilichokuwa ndani ya boksi siyo mashine niliyoizungusha. Ni chuma kikuukuu kimepakwa rangi juu ya kutu, rangi yenyewe bado inanata vidoleni. Mifereji ya silinda imepinda. Sindano ni za mashine mbalimbali, nyingine fupi, nyingine ulimi umekufa haufungi. Ukizungusha kidogo tu vitanzi vinaachia na kazi yote inaanguka sakafuni. Ile springi ya kukaza uzi wakati wa kisigino haipo kabisa. Sasa soksi bila kisigino ni soksi gani? Kisigino hakitoki kwa kuzungusha moja kwa moja. Unanyanyua nusu ya sindano zikae bila kufanya kazi, unapeleka hendeli mbele na nyuma, unanyanyua sindano moja moja kila upande, kisha unazirudisha vilevile. Uzi ukilegea hapo umeharibu. Fundi wa hapa ameitazama silinda akatikisa kichwa. Nikipiga simu, yule bwana amenifungia. Kwenye mkutano wa kikundi nimekaa nimeinamisha uso, na Hajati ndiye aliyenitetea, Mungu ambariki.

Mwanangu ametafuta kwenye intaneti akakuta kwamba Marekani miaka ya 1920 watu waliuziwa mashine hizihizi kwa ahadi ileile, fuma nyumbani tutanunua soksi zako. Miaka mia na bado wanakula watu!

Mtu huyu asiachwe. Afungwe gereza la Luzira, na kabla ya hapo arudishe kila shilingi, auze hiyo pikipiki anayojivunia. Amelamba jasho la wajane. Mungu atamlipa, lakini polisi waanze kwanza.

Wanaotaka kununua: jina lililotokea kwenye simu nilipotuma pesa lilikuwa la mwanamke, akasema ni mke wake. Muulize akufumie kisigino mbele yako, mimi aliniambia atanitumia video. Na mashine isiondoke machoni pako hata kwa dakika. Hiyo barua ya LC1 msiitazame, mihuri inachongwa mjini kila siku.

Kama nawe amekula pesa zako, usifute ule ujumbe wa kutuma pesa. Niandikie inbox, niko na faili polisi tayari na ofisa anasema tukiwa wengi kesi inakuwa nzito. Laini ya simu imesajiliwa kwa kitambulisho cha taifa, mwenye jina lile atapatikana. Sambazeni kwenye vikundi vyote vya ufumaji, leo, maana nimesikia ameshaanza kupiga simu kwa akina mama wa Tororo.