Uzoefu wangu na Mp3tag: kuondoa matangazo ya tovuti kwenye tagi za nyimbo

Mp3tag, programu ya kuhariri tagi (maelezo yaliyo ndani ya faili ya wimbo, kama jina la mwimbaji na la wimbo), naitumia kwa kazi moja hasa: folda za zilipendwa, taarabu na Bongo Fleva zilizopakuliwa huku na kule, ambazo ukizichomeka kwenye redio ya gari kioo kinaonyesha jina la tovuti badala ya jina la mwimbaji. Kwenye Windows ni ya bure, kwenye Mac inalipiwa. Kwa kazi hii sijapata programu inayoizidi, ila ina mipangilio miwili mitatu ambayo usipoigusa mapema utasafisha faili zilezile mara mbili.

Anza na mipangilio, kabla hata ya kufungua folda. Faili moja ya MP3 inaweza kubeba tagi za aina tatu kwa pamoja. Kuna ID3v1, ambayo ni baiti 128 mwishoni mwa faili na jina la wimbo halizidi herufi 30. Kuna ID3v2, inayokaa mwanzoni na kubeba hadi picha ya jalada. Halafu kuna APE. Tovuti nyingi hupachika tangazo lao kwenye zote. Ukifuta ID3v2 peke yake, kompyuta itaonyesha jina safi huku redio inayosoma ID3v1 ikiendelea kuonyesha tangazo, nawe utadhani programu haikuhifadhi. Kwenye mipangilio ya tagi za Mpeg, weka alama ya kuondoa kwenye aina zote tatu. Upande wa kuandika, chagua ID3v2.3 UTF-16 pamoja na ID3v1. Usichague ID3v2.4 kama nyimbo zinakwenda kwenye gari, kwa sababu redio nyingi za zamani haziisomi kabisa na zitakuonyesha jina la faili tu. Baada ya hapo chagua nyimbo zote, bonyeza Ctrl+X kisha Ctrl+V: tagi zote zinakatwa, halafu zinaandikwa upya kwa aina ulizochagua.

Sasa fungua Alt+T uone kilichojificha. Paneli ya kushoto inaonyesha sehemu chache tu, lakini mbali na COMMENT na COMPOSER tangazo huwa limekaa pia kwenye COPYRIGHT, ENCODEDBY na WWW. Futa yote hayo. Nembo ya tovuti iliyowekwa mahali pa jalada nayo itoe, uweke jalada lenyewe. Pikseli 500 kwa 500 zinatosha, na iwe JPEG ya kawaida, kwani JPEG inayojichora hatua kwa hatua redio nyingi hushindwa kuifungua.

Kwa faili zisizo na tagi lakini zenye jina zuri, Alt+2 hutoa tagi kutoka kwenye jina la faili. Muundo ni %artist% - %title%. Ikiwa jina linaishia na tovuti ndani ya mabano, andika %artist% - %title% (%dummy%), na kile kilichoangukia kwenye %dummy% kinatupwa. Tazama mfano unaoonyeshwa chini kabla ya kukubali. Faili yenye (Remix) na isiyo na jina la tovuti itapoteza neno Remix, kwa hiyo zitenge kwanza. Na kama faili moja ina kistari kirefu na nyingine kifupi, muundo mmoja hautazishika zote.

Sehemu ninayoisisitiza kuliko zote ni ALBUMARTIST, yaani msanii mwenye albamu. Nyimbo za Mbaraka Mwinshehe utazikuta zimeandikwa Mbaraka Mwinshehe, Mbaraka Mwaruka, Morogoro Jazz, au Super Volcano. Simu itazigawa kama wasanii wanne. Kwangu mimi, ARTIST ibaki na bendi iliyorekodi, kwa sababu Morogoro Jazz na Super Volcano ni vipindi viwili tofauti vya kazi yake, na ALBUMARTIST iwe Mbaraka Mwinshehe kote. Mwaka nao uangalie: Mbaraka alifariki 1979, hivyo wimbo wake ambao tagi inasema 2006 unakupa mwaka wa kutolewa upya au wa kupakiwa. Mwaka wimbo ulipotolewa mara ya kwanza, kama una uhakika nao, uweke kwenye ORIGYEAR. Kwa Bongo Fleva, wale wa “ft.” wabaki kwenye ARTIST, na mwenye wimbo peke yake aende ALBUMARTIST.

Ukichagua nyimbo nyingi, sehemu zenye maandishi tofauti zinaonyesha <keep>. Usiiguse hiyo kama hutaki kubadilisha. Ukiandika jina la wimbo huku umechagua nyimbo 40, ukabonyeza Ctrl+S, zote 40 zitaitwa hivyo. Ctrl+Z itakuokoa ikiwa hujafunga programu.

Kasoro yake kwetu sisi ni kubadilisha herufi kubwa. Kitendo (Action) cha kukuza herufi ya kwanza ya kila neno kinaleta “Ya”, “Wa”, “Na” na “La” katikati ya jina. Ongeza vitendo vya kubadilisha “ Ya ” kuwa “ ya ” na wenzake, pamoja na nafasi pande zote mbili, la sivyo “Yako” itageuka “yako”.

Faili ikionyesha BAD kwenye safu ya tagi, huenda tagi au faili yenyewe imeharibika, au ni M4A (aina nyingine ya faili ya sauti) iliyobandikwa jina la .mp3. Ikiwa ni M4A, irudishie .m4a na itasomeka.

Usihariri nyimbo zikiwa ndani ya flashi. Jalada kubwa likizidi nafasi iliyoachwa mwanzoni mwa faili, faili nzima inaandikwa upya, na flashi ikichomolewa katikati wimbo umeharibika. Hariri kwenye kompyuta, kisha tumia Alt+1, inayounda jina la faili kutoka kwenye tagi, na muundo $num(%track%,2) - %title% ili majina yaanze na 01, 02, maana redio nyingi hupanga nyimbo kwa jina la faili au kwa mpangilio ulivyonakili, wala haziangalii namba iliyo ndani ya tagi. Kwenye simu, futa nakala ya zamani kabla ya kuweka mpya, au kicheza muziki kitaendelea kuonyesha majina ya awali.